Mgogoro wa Kameruni ni deni la mwaka 1961

Vita vilivyozuka mwaka 2017 katika mikoa miwili ya magharibi mwa Kameruni aghalabu huelezwa kuwa ni ugomvi baina ya Kiingereza na Kifaransa. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini hayatoshi. Wakazi wa mikoa hiyo, yaani Kaskazini-Magharibi na Kusini-Magharibi, hawazaliwi wakisema Kiingereza. Majumbani mwao wana lugha nyingi za Kiafrika, na sokoni huelewana kwa Pijini. Kinachowafanya wajione kuwa ni umma mmoja si lugha ya mama, bali ni shule, mahakama na mabaraza waliyoyarithi, pamoja na ahadi waliyopewa kwamba mambo hayo yangehifadhiwa. Asiyeijua historia ya ahadi hiyo hawezi kulielewa dai la uhuru linalotolewa leo kwa jina la Ambazonia.

Wajerumani waliitawala Kameruni tangu mwaka 1884. Waliposhindwa huko mwaka 1916, Uingereza na Ufaransa ziligawana koloni hilo. Ufaransa ilichukua sehemu kubwa mno, nayo Uingereza ikapata ukanda mwembamba kandokando ya mpaka wa Nigeria. Baada ya Vita Vikuu vya Pili sehemu zote mbili ziliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Uingereza iliutawala ukanda wake kana kwamba ni kipande cha Nigeria, ila mwaka 1954 Kameruni Kusini ilipata baraza lake la kutunga sheria katika mji wa Buea. Uchaguzi wa Januari 1959 ulipofanyika, John Ngu Foncha alimshinda Waziri Mkuu E.M.L. Endeley, na madaraka yakakabidhiwa kwa amani. Katika Afrika ya wakati ule, hilo halikuwa jambo dogo.

Hapa inafaa tuitazame jirani yetu Tanganyika. Hiyo nayo ilikuwa koloni la Wajerumani, nayo ikawa nchi ya udhamini chini ya Uingereza. Hata hivyo, ilipofika Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru wake kamili bila ya kulazimishwa kuchagua jirani wa kujiunga naye. Kameruni Kusini haikupata bahati hiyo. Katika kura ya maoni ya tarehe 11 Februari 1961 wananchi waliulizwa iwapo walitaka kupata uhuru kwa kujiunga na Nigeria, au kwa kujiunga na Jamhuri ya Kameruni, ambayo ilikuwa imepata uhuru kutoka kwa Ufaransa tarehe 1 Januari 1960. Njia ya tatu, ya kusimama peke yao, haikuwekwa kwenye karatasi ya kura. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba eneo hilo lilikuwa dogo na maskini mno kuweza kujitegemea.

Mwanaisimu hawezi kuyapita maneno hayo bila ya kusita. "Kupata uhuru kwa kujiunga" ni kauli yenye vitenzi viwili visivyovutana upande mmoja. Cha kwanza chamfanya mtu kuwa bwana wa nafsi yake. Cha pili chamtia katika nyumba ya mwenziwe. Watu zaidi ya 233,000 walichagua Jamhuri ya Kameruni, na 97,000 hivi wakachagua Nigeria. Serikali ya Yaoundé huitaja hesabu hiyo kuwa ithibati kwamba wananchi walitaka umoja wenyewe. Wanaotaka kujitenga hujibu kwamba mtu aliyepewa milango miwili tu hawezi kudaiwa kwamba aliukataa wa tatu. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinasema kweli, na ndiyo maana uzito wote wa suala hili umeangukia masharti ya ndoa yenyewe.

Masharti hayo yalijadiliwa Foumban mwezi Julai 1961, baina ya ujumbe wa Rais Ahmadou Ahidjo na ule wa Foncha. Matokeo yake yalikuwa shirikisho la dola mbili, Kameruni Mashariki na Kameruni Magharibi, lililoanza tarehe 1 Oktoba 1961. Kila dola ilikuwa na waziri mkuu wake na bunge lake. Kifungu cha 47 cha katiba kilikataza badiliko lolote ambalo lingeudhuru umoja na uthabiti wa shirikisho hilo.

Ahadi ni deni, wasema wahenga. Deni hili halikulipwa. Tarehe 20 Mei 1972 Ahidjo aliitisha kura ya maoni ya nchi nzima, na shirikisho likafutwa. Kwa kuwa wakazi wa Kameruni Magharibi walikuwa takriban moja kwa tano tu ya raia wote, kura yao ilimezwa kabla ya kupigwa. Mwaka 1975 bendera yenye nyota mbili ikabaki na nyota moja. Mwaka 1984 Rais Paul Biya akaliondoa neno "Muungano" katika jina la nchi, ikawa Jamhuri ya Kameruni, jina lile lile lililokuwa la upande wa Kifaransa peke yake kabla ya kuungana. Wako watakaosema kwamba neno moja si kitu. Lakini neno likiondolewa katika jina la nchi, pamoja nalo huondoka kumbukumbu kwamba waliokutana walikuwa wawili.

Cheche za mgogoro wa sasa ziliwashwa na wanasheria na walimu. Mwishoni mwa mwaka 2016 wanasheria walilalamika kwamba mahakama zao zilikuwa zikiletewa mahakimu waliofunzwa sheria ya Kifaransa, nao walimu wakalalamika kwamba shule zao zilipelekewa walimu wasioimudu lugha ya kufundishia. Hayo yalikuwa madai ya kikazi, nayo yangeweza kutatuliwa mezani. Serikali ilijibu kwa kuwakamata viongozi na kuikata intaneti katika mikoa hiyo kwa muda wa miezi mitatu mwaka 2017. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo, siku ile ile ya kuzaliwa kwa shirikisho, uhuru wa Ambazonia ukatangazwa, na bunduki zikachukua nafasi ya hoja.

Tangu hapo watu zaidi ya 6,000 wamekadiriwa kufa, na mamia ya maelfu wameyahama makwao. Mwezi Februari 2020 raia waliuawa Ngarbuh, wengi wao wakiwa watoto, na serikali yenyewe ikakiri baadaye kwamba askari wake walihusika. Oktoba mwaka huo huo watu wenye silaha waliingia darasani mjini Kumba wakawaua watoto saba. Wanamgambo wanaodai kuitetea elimu ya Kiingereza wameamuru shule zifungwe, wakawateka walimu na wanafunzi. Hapa dai lao limejipinga lenyewe: huwezi kuipigania shule kwa kumnyima mtoto kalamu.

Je, historia hii yatosha kuwapa haki ya kujitenga? Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa uamuzi wake mwaka 2009: wakazi wa Kameruni Kusini ni umma wenye utambulisho wake, lakini haki ya kujiamulia mambo yao itekelezwe ndani ya mipaka ya nchi, kwa njia ya mazungumzo. Naona uamuzi huo ulikuwa wa busara, mradi usisomwe nusu. Yaoundé hushika sehemu ya mipaka na kuisahau sehemu ya umma. Hadhi maalumu iliyotolewa kwa mikoa hiyo kwa sheria ya Desemba 2019 iliwaachia madaraka machache, tena kwa hisani ya serikali kuu, ilhali mwaka 1961 walikuwa nayo kwa haki.

Walimu wanaofundisha historia ya Afrika wana funzo hapa la kuwapa wanafunzi wao. Umoja wa taifa hauhifadhiwi kwa kuwasahaulisha wadogo kwamba waliwahi kuahidiwa kitu. Njia iliyo karibu zaidi ya kuizuia Kameruni isivunjike ni kuwarejesha wahusika kwenye meza ya Foumban, safari hii wakiwa na kifungu ambacho hakuna rais atakayeweza kukifuta kwa wingi wa kura za wengine.