Kamera ya kutumia mara moja: Usiharibu picha zako 27

Ni familia ngapi ambazo picha ya pekee ya nyanya ni ile ya kitambulisho? Siku anapoaga dunia, ndiyo hiyo inayokuzwa na kuwekwa mbele ya jeneza, uso umekazwa kana kwamba maisha yake yote hakuwahi kucheka. Picha za kwenye simu nazo, simu ikiibwa katika matatu, huenda nayo.

Hii ni sababu moja inayowafanya watu, hasa vijana, kuirudia kamera ya filamu ya kutumia mara moja. Ikiwa unapanga kwenda mashambani msimu wa sikukuu, au kuna mtoto anayehitimu chuoni, soma haya kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Kamera hizi si jambo geni. Kampuni ya Fujifilm ilianza kuziuza Japani mwaka wa 1986, na Kodak ikafuata Marekani mwaka wa 1987. Ni kijisanduku cha plastiki ambacho tayari kimetiwa filamu, na lenzi yake hairekebishwi. Nyingi hutoa picha 27. Ukimaliza, unaipeleka nzima kwa wasafishaji wa picha. Filamu inatolewa, nawe hurudishiwi kamera.

Jambo la kwanza, kabla hujanunua, tafuta mahali pa kusafishia. Studio nyingi zilizokuwa zikiosha filamu zamani siku hizi huchapa tu picha za kompyuta. Uliza kama wanapokea filamu ya rangi, inachukua siku ngapi na gharama ni kiasi gani. Gharama hiyo iongeze kwenye bei ya kamera, kwa kuwa bila kusafishwa, kamera hiyo ni plastiki tu.

Pili, tazama tarehe iliyopigwa kwenye pakiti. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini filamu huoza. Iliyopitwa na wakati, au iliyokaa miezi dirishani pa duka ikipigwa na jua, hutoa rangi zilizofifia.

Tatu, hakikisha ina flashi. Kuna za bei nafuu zisizo nayo, na hizo zinafaa nje penye jua pekee. Angalia pia nambari ya ISO. Filamu ya 800, kama ya Kodak FunSaver, huhitaji mwanga kidogo kuliko ya 400 iliyo katika Fujifilm QuickSnap. Kwa wanaokwenda kuogelea Pwani, ipo ya kuingia majini, lakini haina flashi.

Ukipenda picha nyeusi na nyeupe, Ilford hutengeneza aina mbili. Yenye filamu ya XP2 husafishwa kwa dawa zile zile za filamu ya rangi, lakini ya HP5 huhitaji dawa zake maalumu. Usinunue ya pili kabla ya kujua nani ataisafisha.

Sasa matumizi. Zungusha gurudumu mpaka likome lenyewe. Bonyeza kitufe cha flashi na usubiri taa yake iwake. Ukiharakisha, utapata giza. Simama umbali wa mita moja hadi tatu kutoka kwa unayempiga. Chini ya mita moja, uso utakuwa na ukungu. Zaidi ya mita tatu au nne, mwanga wa flashi haufiki. Basi usikae nyuma ya kanisa ukitarajia kumpata bibi arusi madhabahuni. Kidole nacho kiwe mbali na lenzi, maana tundu unalochungulia si lenzi, na hutakiona.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi hasa. Kwa miaka mingi rangi za filamu zilipimwa kwa picha za wanawake Wazungu ambazo Kodak ilizigawa kwa wasafishaji, na nyuso nyeusi zikawa zinatoka kama makaa. Filamu za leo ni bora zaidi, lakini kamera hii haiwezi kujirekebisha. Ukimweka nyanya mlangoni, jua likiwa nyuma yake, utapata shuka na kivuli. Mgeuze alikabili jua, au mweke chini ya mti na uwashe flashi hata kama ni saa sita mchana. Filamu huvumilia mwanga ukizidi. Ukipungua, hakuna fundi atakayeurudisha.

Usiiache kamera ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ukisafiri kwa ndege, usiitie katika mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege, kwa sababu mashine za kukagulia huweza kuiharibu filamu. Ibebe mwenyewe na uombe ikaguliwe kwa mkono.

Wazazi, wakatazeni watoto kuifungua. Ndani ya flashi mna kifaa kinachohifadhi umeme wa takriban volti 300, hata kama betri ni ndogo na hata baada ya picha kwisha. Kinaweza kumrusha mtu.

Ukiisha kupiga picha ya mwisho, endelea kuzungusha gurudumu mpaka lizunguke bila kushika, kisha peleka kamera mapema. Na jambo ambalo wengi husahau: dai negativu zako, kwani baadhi ya wasafishaji huzitupa. Picha ikichanika au shangazi akiondoka nayo, negativu itakuzalia nyingine.

Picha 27 si nyingi. Zigawe kabla ya safari: kumi za wazee, kumi za watoto, saba za mambo yatakayozuka. Na unapompiga nyanya, usimwambie akae wima kama yuko kwa chifu. Mwache achambue mboga zake, mwulize habari za ujana wake, na bonyeza anapocheka.