Wapelekeni Watoto Kilwa



Ilipotolewa rai katika kamati yetu ya msikiti hapa Majengo kwamba likizo ya Desemba familia zizuru Kilwa Kisiwani, mzee wetu mmoja aliuliza: Muislamu atafuata nini kwenye magofu, ilhali ada za madrasa hazijalipwa? Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu.

Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi, tutazame mwisho wa waliotutangulia. Kilwa ni mahali pa mazingatio hayo. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa katika karne ya 11 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukapanuliwa katika karne ya 14. Mtoto aliyeambiwa kuwa Uislamu uliingia nchi hii juzi, akisimama mbele ya mihrabu ile atapata jibu kwa macho yake.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Anasimulia kuwa fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani, akitoka katika sala ya Ijumaa, nguo zile zile alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Wasimulieni watoto kisa hiki, kisha waonyesheni Husuni Kubwa, kasri linalonasibishwa naye. Kasri limeporomoka, sadaka ingali inatajwa.

Lakini urithi si fahari pekee. Ng'ambo ya pili, bara, Kilwa Kivinje ilikuwa soko kubwa la watumwa katika karne ya 19, na misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilipita katika nchi yetu hii ya Ungoni. Waliofungwa minyororo walikuwa watu wa huku bara, na miongoni mwa waliowauza walikuwamo Waislamu. Mzazi asilifiche hilo. Mtoto akilisikia kwa baba au mama yake, pamoja na hukumu ya dini juu ya dhulma, imani yake haitatikisika atakapolisikia kwa mwingine. Akifichwa, siku atakapolijua atajiuliza ni lipi jingine alilofichwa.

Atakayejaaliwa kusafiri, njia ni Tunduru, Masasi, Lindi hadi Nangurukuru, kisha Kilwa Masoko, ambako hupatikana kibali na mashua ya kuvukia kisiwani. Adabu zichungwe. Makaburini tuwatolee salamu marehemu na kuwaombea dua; tusiwaombe wao. Tusiokote hata kigae, wala tusiandike majina kutani.

Asiye na nauli asihuzunike. Makumbusho ya Majimaji yapo hapa hapa mjini, mtaa wa Mahenge, yakiwakumbuka mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Ni watoto wangapi wa Majengo waliokwisha kuingia humo wakiongozana na wazazi wao?

Kwa mzee wetu, jibu ni hili: ada ya madrasa itangulie, kwani asiyesoma hataelewa anachokiona. Ikishalipwa, ziara nayo ni darsa.

Wabillahi tawfiq.