Chuma cha Mguu ni Dawa

Katika hospitali nyingi kuna chumba kimoja ambacho wagonjwa hupita mbele yake wakidhani ni karakana ya kutengeneza vitanda. Ndani kuna vumbi jeupe la plasta, tanuri la umeme, meza yenye jiriwa, vipande vya ngozi, misumari na mikanda. Mtu wa chumba hicho ni fundi wa vifaa vya viungo. Ndiye anayetengeneza chuma cha mguu kwa mtoto aliyepooza kwa polio, kifaa cha plastiki kwa mzee ambaye kiharusi kimemwacha akiburuta unyayo, na mkanda mpana wa kushikilia mgongo ulioumia.

Mimi nafanya kazi hiyo hapa Lubumbashi, nami nataka kusema neno moja waziwazi. Watu wetu huchukua chuma cha mguu kama vile wanunuavyo sufuria katika soko la mtaa wa Kenya. Wamelipa, wamefunga mzigo, wamekwenda, na fundi hawaoni tena. Lakini chuma hicho ni dawa. Kina kipimo chake na saa zake, na mtu akikiacha katikati, ubaya hurudi.

Angalia kwanza jinsi kinavyotengenezwa. Fundi huzungushia mguu bandeji zenye plasta, huziacha zishike, kisha huzikata na kuzivua. Sasa ana ganda lenye umbo la mguu. Hulijaza plasta ya maji, nayo ikikauka anapata mguu mweupe ulio sawa na ule wa mgonjwa. Hapo ndipo akili ya kazi inapoanza. Mahali penye nyama panapoweza kubeba uzito, hupakwangua. Mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi, huongeza plasta ili kifaa kisiguse. Baadaye hupasha bamba la plastiki katika tanuri mpaka lilegee kama unga wa maandazi uliokandwa, hulifunika juu ya mguu ule wa plasta, na likipoa hulikata na kulainisha kingo zake.

Kwa nini taabu yote hiyo? Papasa mguu wako mwenyewe, chini kidogo ya goti, upande wa nje. Utaona kichwa cha mfupa mdogo. Mshipa wa fahamu unauzunguka mfupa huo, na juu yake ni ngozi tu. Kifaa kikigandamiza hapo siku kwa siku, mgonjwa anaweza kushindwa kuinua unyayo wake. Basi mama anayemvalisha mwanawe chuma cha mtoto wa jirani, kwa sababu kinaonekana kumtosha, anaweza kumzidishia kilema mtoto yule yule anayetaka kumsaidia.

Lakini huzuni yangu kubwa ni juu ya watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda ndani, nyayo zikitazamana. Ulimwenguni karibu mtoto mmoja katika kila 1,000 huzaliwa hivyo. Si ulozi, wala si kosa la mama. Tena hupona vizuri. Mganga Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa huko Marekani, alionyesha katikati ya karne ya 20 njia ya kunyosha miguu hiyo pole pole kwa mikono, na kuifunga plasta mpya kila juma. Mara nyingi plasta tano mpaka saba zinatosha, pamoja na kukata kidogo kano ya kisigino. Majuma machache tu, na mguu umenyoka!

Wazazi wakiona hivyo hufurahi, wakadhani kazi imekwisha. Kumbe nusu yake bado. Mtoto lazima avae viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kila siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa kulala mchana mpaka afike miaka minne hivi. Asipovaa, mguu hujikunja tena, na kuacha kuvaa ndiko hasa kunakorudisha ubaya huo. Viatu hivyo havihitaji mali nyingi. Huko Kampala, Uganda, mtu mmoja aitwaye Michiel Steenbeek alibuni namna ya kuvitengeneza kwa ngozi, mbao nyembamba na fito ya chuma, vitu ambavyo fundi wa viatu na fundi wa kuchomea vyuma wanavyo. Nyuma ya kisigino kuna tundu dogo, ili mama atazame kama kisigino kimekaa chini sawasawa. Mimi napenda sana tundu lile. Linamfanya mama kuwa mwenzi wa fundi.

Sasa nani huvivua viatu hivyo? Wa kwanza ni nyanya, kwa huruma, maana mtoto analia usiku. Namwelewa. Mtoto hulia siku chache za kwanza, kisha huzoea, na akivuliwa kila anapolia hatazoea kamwe. Wa pili ni mhubiri. Ndiyo, nasema mhubiri. Katika mji wetu wako watu wanaowaambia wazazi mbele ya mkutano, Vueni chuma kama mnaamini. Husimulia habari za kiwete wa mlango wa hekalu aliyeinuka akirukaruka, nami naiamini habari ile kama wao. Lakini mbona hawasimulii habari za mfalme Hezekia? Mungu alikwisha kuahidi kumponya, na hata hivyo nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Isaya hakuona haya kutumia dawa. Mhubiri anayemvua mtoto chuma hurudi nyumbani kwake jioni, na mtoto anabaki na mguu wake miaka 50. Wazee wa kanisa wasinyamaze juu ya jambo hili.

Wengine hudharau chuma kwa sababu wanamdharau fundi. Kijana aliyesoma anataka kuwa mganga, naye akiona mikono yetu yenye plasta husema hii ni kazi ya mshona viatu. Hugh Owen Thomas, mganga wa Liverpool katika karne ya 19, alimweka mhunzi na fundi wa ngozi wafanye kazi nyumbani kwake. Banzi la chuma alilobuni liliokoa askari wengi waliovunjika paja katika vita ya 1914–1918, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Tena kazi hii ina shule. Huko Moshi, Tanzania, shule ya mafundi wa namna yetu ilianzishwa mwaka 1981 karibu na hospitali ya KCMC. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema katika watu kumi wanaohitaji vifaa vya viungo, mmoja tu ndiye anayevipata. Katika mji wa shaba, ambao vijana wake hujua kuchomea vyuma tangu utoto, nadhani tungeweza kuwapata mafundi, kama makanisa yangekubali kumlipia kijana mmoja mmoja karo ya shule.

Wewe uliye na chuma nyumbani, vaa soksi safi ya pamba ndani yake. Ukikivua, tazama ngozi. Wekundu usiotoweka baada ya nusu saa ni sababu ya kurudi hospitalini, wala usikwangue plastiki mwenyewe kwa kisu. Wakati wa mvua ngozi ikilowa, ikaushe kivulini, usiitundike juu ya mbabula. Mtoto akikua, chuma hakikui pamoja naye, kwa hiyo mlete kila baada ya miezi michache hata kama halii. Njoo pia na viatu vyake vya zamani, ijapokuwa vimekatika, maana soli iliyolika humwonyesha fundi jinsi mtoto anavyokanyaga.