Ulilipa Kiingilio, Hukununua Kaya

UPEPO WA KUSI
Na Mwanakombo Hamisi

Mtu akilipa kiingilio amepewa ruhusa ya kuingia. Mahali penyewe hajapanunua. Naanza na hilo kwa sababu wiki hii nimemsikia mtu mzima akimwambia mzee wa kaya, mbele ya wageni, "Mzee, si nimelipa?" Hasira haijanishuka mpaka sasa.

Ilikuwa Kaya Kinondo, msitu wa matambiko huku kwetu Kwale. Nilikuwa nimempeleka binti wa shangazi yangu, aliyekuja likizo kutoka Lungalunga, tukaunganishwa na kundi lililoletwa na gari la watalii kutoka hoteli moja ya Diani: mke na mume Wazungu wa makamo, na Wakenya wenzetu kadhaa. Kabla ya kuingia kila mmoja hufungwa kaniki nyeusi na kuelezwa masharti. Kofia ivuliwe, jani lisichumwe, hata kijiti kisiokotwe, watu wasibusiane, makaburi yasipigwe picha. Wale Wazungu walifunga kaniki zao kimya, mume akaitia kofia mfukoni kabla hajaambiwa. Mwenzetu mmoja, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliitupa kaniki begani kama taulo la mtu anayekwenda kuogelea. Kofia aliiacha kichwani. Mzee akamwambia kwa upole, "Mwanangu, vua kofia." Ndipo akatoa jibu lake la malipo.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba kijana huyo alikuwa ametoka kutusimulia safari yake ya Jerusalem, alikokwenda na kanisa lao. Kwenye Ukuta wa Magharibi, alisema, mwanamume hasogei kichwa wazi, na asiye na kofia huazimwa. Yeye aliazimwa, akavaa, akanyamaza. Basi Jerusalem akiambiwa vaa, anavaa. Kinondo akiambiwa vua, anabishana! Anayezuru makanisa ya Lalibela, kule Ethiopia, yaliyochongwa mwambani, huvua viatu mlangoni bila kutaja risiti. Anayekwenda Makka haanzishi mjadala juu ya ihramu. Adabu tunazo tele, ila tunazitumia ugenini tu.

Yule msomaji wa Msambweni anayeniita wakili wa miti najua ataniandikia tena: "Mwanakombo, huo ni msitu tu." Hapana, bwana. Msitu ule ulikuwa boma la mji. Wazee wanasimulia kwamba Wamijikenda walipotoka Singwaya walijenga katikati ya miti, wakaacha njia nyembamba za kuingilia, wakafukia fingo la kuwalinda. Makaya yanakadiriwa kuanza karne ya 16, na kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamehamia nje, wakabaki wafu wao, matambiko na wazee wenye amana. Nyumba zilikuwa za miti na makuti, kwa hiyo hakuna gofu la kusimama mbele yake, na hapo ndipo tunapokosea: tumejizoesha kuheshimu mawe peke yake. Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, una kuta za matumbawe, na sijamwona mtu akikanyaga mkeka wake na viatu. Kinondo ina hekta 30 hivi za miti hai, na mtu anaingia na ubishi. UNESCO iliyaingiza makaya katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, Kinondo ikiwemo. Mwaka 2009 ikaziorodhesha na mila zenyewe miongoni mwa zinazohitaji kuokolewa haraka.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Tulikuwa tumesimama chini ya mti mkubwa, mzee anaeleza, nikasikia mkwaruzo. Kijana alikuwa nyuma ya shina na ufunguo wake, ameshachora herufi ya kwanza ya jina lake. Gome limenyanyuka, ndani mti ni mbichi, unyevu unatoka. Binti wa shangazi yangu ndiye aliyemshika mkono. Mzee hakupaza sauti. Aliweka kiganja pale palipojeruhiwa, akasema maneno machache kwa Kidigo, kisha akatuambia ziara imekwisha. Kijana hakuomba radhi. Kosa kama hilo lina utakaso wake, wenye gharama, na kwa nilivyoona gharama hiyo itawatoka wazee.

Nilimkabili dereva. Akaniambia, "Dada, hao ni wateja, ningewaambiaje?" Ungewaambia garini, kaka. Kutoka hotelini mpaka Kinondo muda ulikuwepo, ukaumalizia kwenye muziki.

Lakini dereva huyo tumemlea sisi wa Kwale. Miaka yote tumemuuzia mgeni mchanga na kitanda cha jua, kaya tukaiweka mwisho kabisa, kwa mgeni aliyekinai bahari. Watoto wa Ukunda wanavushwa feri ya Likoni kwenda kuiona Fort Jesus, ngome ya Wareno, na wengi wao wanamaliza shule bila kufungwa kaniki hata mara moja. Mtoto huyo akikua akapewa usukani wa gari la watalii, atawaambia nini abiria wake?

Wazee wa Kinondo ni wapole mno. Kuanzia sasa, gari ambalo abiria wake hawajaelezwa masharti ligeuziwe pale pale nje, hata likiwa limembeba waziri.