Gari lisilo na matope halikufika kwetu

Najua nimeadimika. Kuna waliodhani nimesafiri, na kuna mmoja aliyeniuliza kama nimeacha uandishi. Hapana jamani, nilikuwa napaka rangi gari. Si gari la kutembelea, hilo sina. Ni gari la plastiki lenye urefu wa sentimita 17, na limenichukua miezi mitatu.

Haya, mkishamaliza kucheka tuendelee, kwa sababu leo nina hoja.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, ile ya milango miwili na injini ya silinda sita, lita 2.4. Ni nyekundu, boneti nyeusi, namba 11 mlangoni. Wapenzi wa mashindano ya magari wameshaitambua. Ndiyo iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, akiwa na msaidizi wake Hans Schüller. Nafasi ya pili ilikwenda kwa Shekhar Mehta wa Uganda, naye alikuwa kwenye 240Z. Kampuni ya Hasegawa ya kule Shizuoka, Japani, ilitoa modeli ya gari hilo la 1971 kwa kipimo cha moja kwa 24, na rafiki yangu aliyekuwa masomoni huko akaniletea boksi moja. Maana ya kipimo hicho ni kwamba sentimita moja ya modeli ni sentimita 24 za gari lenyewe.

Ukifungua boksi hukuti gari. Unakuta vipande vimening'inia kwenye vijiti vya plastiki kama maembe mtini. Unakikata kimoja kimoja, unasugua kwa msasa pale kilipokatwa, unajaribisha kabla ya kutia gundi. Sisi tuliokua tukitengeneza magari ya waya, tairi za malapa yaliyokatika, kazi hii si ngeni sana. Tofauti ni kwamba gari la waya lilikuwa tayari kabla ya magharibi, na likigonga jiwe unalikunja upya. Hili ukikosea unakaa na kosa lako.

Nami nilikosea. Nilipuliza rangi mwezi wa Aprili, hapa Dar, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Nilikuwa na haraka, si unajua tena sisi waandishi. Asubuhi nikakuta ile nyekundu imefunikwa na ukungu mweupe kama kioo cha daladala wakati wa mvua. Nilipoulizia nikaambiwa kwamba rangi ya kupuliza inapokauka haraka kwenye hewa yenye unyevu, hupoza uso wa kitu, unyevu unagandia hapo na rangi inapauka. Dawa yake? Mafuta ya breki. Nililoweka bodi usiku kucha, nikavaa glovu maana yale mafuta si mazuri kwa ngozi, nikasugua kwa mswaki na sabuni. Rangi yote ikatoka, plastiki ikabaki salama. Sijui kama kuna gari lingine duniani linalooshwa kwa mafuta ya breki.

Nikasubiri mpaka Juni, hewa ilipokauka. Nikaanza na praima nyeupe, kwa sababu nyekundu ikikaa juu ya kijivu hufubaa. Halafu tabaka nyembamba za rangi, moja baada ya nyingine, nikizipa muda. Kisha nikafunika bodi yote kwa gundi ya karatasi, nikaacha boneti peke yake, nikaipuliza nyeusi isiyong'aa. Ile nyeusi si urembo. Iliwekwa ili jua la Afrika Mashariki lisipige kwenye boneti na kumrudia dereva machoni. Mwisho zikaja stika. Unaichovya kwenye maji ya uvuguvugu, inateleza kutoka kwenye karatasi yake, unaisogeza kwa brashi huku umezuia pumzi. Namba 11 kushoto, namba 11 kulia. Nikalipiga picha. Lilikuwa linang'aa kama limetoka dukani.

Mwezi uliofuata nikapanda basi kwenda kumsalimia baba mkubwa, nyuma ya Soni, kule Usambara. Nikalichukua gari kwenye boksi la viatu nimlingishie. Baada ya shikamoo na chai nikalitoa. Akalishika kama mtu anayeshika kifaranga. Akaligeuza, akatazama chini, akatazama tairi. Kisha akaniambia:

"Zuri, mwanangu. Ila hili halijafika kwetu."

Nikauliza kwa nini. Akasema gari lililofika kwao lilikuwa halina rangi.

Ndipo akanisimulia habari ambayo sijawahi kuisikia katika maisha yangu yote. Ilikuwa Pasaka, mvua imenyesha usiku kucha. Watu walisimama barabarani tangu alfajiri. Gari moja likaja likakwama kwenye kona, likazama mpaka kwenye milango. Dereva hakuhitaji kuita mtu. Wanaume walishaingia kwenye tope, na vijana nao wakaingia, na yeye akiwa kijana akaingia na shati lake jipya la Pasaka. Wakasukuma. Tairi za nyuma zikawamwagia tope usoni. Gari likachomoka, mkono ukatoka dirishani ukapunga, likaishia. Yeye akarudi nyumbani akachapwa kwa ajili ya shati.

Nikamuuliza ulikuwa mwaka gani. Labda 1970, labda 1972. Gari gani? "Datsun au Peugeot, nani angejua chini ya lile tope?" Dereva nani? Hajui. Waliosukuma? Hao anawajua wote. Akanitajia majina tisa. Saba kati yao wameshafariki.

Wadau, hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Historia ya Safari imeandikwa, na imeandikwa vizuri. Tunajua kwamba ilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Tunajua kwamba Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda na Chris Rothwell mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Tunajua kwamba Joginder Singh alishinda mara tatu, na Mehta mara tano, ile ya 1973 ikiwa baada ya kulingana pointi na mwenzake wa Datsun. Wajapani ndio usiseme. Mwaka 1969 walitoa filamu nzima kuhusu Safari, nyota wao Yujiro Ishihara akiigiza. Lile gari namba 11 wanalo mpaka leo kwenye hifadhi ya magari ya Nissan kule Zama. Wamelitunza, na yeyote mwenye gundi na subira anaweza kuunda la kwake mezani.

Siwalaumu hata kidogo. Nawaonea wivu. Wao walitunza sehemu yao ya hadithi, na mimi naijua sehemu hiyo mpaka skrubu za taa. Sehemu yetu, yaani barabara, tope na mikono iliyosukuma, iko kwenye kichwa cha mzee mmoja nyuma ya Soni, na siku akiondoka imeondoka naye.

Mwenzangu mmoja wa kazini nilipomweleza hivi alinijibu kwa ukali kidogo. Alisema yale yalikuwa mashindano ya wakoloni na matajiri, wanavijiji walikuwa watazamaji tu, kuna nini cha kukumbuka? Nakubaliana naye nusu. Ni kweli yalianza kwa heshima ya malkia, na ni kweli kijana wa Usambara hakuwa na njia ya kukalia usukani. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuandika, wala si ya kunyamaza. Tukinyamaza, Safari itabaki vilevile kama alivyoiona mwenzangu: magari na waliokuwa ndani yake. Katika picha nyingi za zamani nilizopekua, dereva ana jina, gari lina namba, na wanaosukuma ni "wananchi" tu.

Nilipeleka wazo kwa mhariri mmoja hapa mjini. Makala ya Pasaka, mazungumzo na wazee waliosukuma magari. Akaniambia hiyo ni historia, nani atasoma? Wiki hiyohiyo ukurasa ule ulijaa habari za mchezaji wa Ulaya aliyenunua gari jipya. Basi, nikameza.

Nikarudi kwenye modeli. Nilipoondoka Soni baba mkubwa alinifungia udongo kwenye mfuko, akicheka. Nimeutwanga na kuuchekecha kwa kitambaa mpaka ukawa unga, kwa sababu kwenye kipimo hiki punje ya milimita moja ni jiwe la sentimita mbili na nusu hivi. Nimeuchanganya na vanishi isiyong'aa, nikaupaka kwa brashi kuukuu. Wapo watakaosema nimeharibu kazi ya miezi mitatu. Kusema kweli mkono ulitetemeka kidogo kuifunika ile nyekundu niliyoihangaikia.

Nikamtumia picha kupitia simu ya mwanawe. Majibu yakaja kwa sauti, na hakunisifu. "Umekosea. Umeweka tope juu ya paa kama limeporomokewa na kilima. Tope linatoka kwenye tairi, linapanda ubavuni, linakuwa zito nyuma ya magurudumu. Kioo cha mbele kina nusu duara mbili za wipa. Na weka alama za mikono huku nyuma, tulishika hapa."

Hebu fikirieni. Miaka zaidi ya 50 imepita na mzee anakumbuka mikono ilishika wapi. Maelekezo hayo hayakuwemo kwenye karatasi ya boksi. Nimeyafuata yote. Alama za mikono ni ndogo mno, nimezigonga kwa ncha ya kijiti cha meno. Ukitazama kwa haraka huzioni.

Hoja yangu basi ni hii. Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 huko Kenya, kwa hiyo kila mwaka magari yakinguruma kuna sababu ya kuuliza. Wewe ambaye baba yako, mama yako au babu yako alikaa kando ya njia zile, iwe Kenya, Uganda au Tanzania, usingoje mhariri. Washa kinasa sauti cha simu. Uliza majina ya waliosukuma kabla hujauliza jina la dereva, maana la dereva limeshaandikwa. Andika tarehe, andika kijiji.

Mimi nimeanza na yale majina tisa. Jumamosi narudi Soni kumtafuta yule mwingine aliye hai, nasikia yeye anakumbuka namba ya gari.

Naomba kutoa hoja.