PENSHENI YETU NA KODI: TUJUE HESABU

Ndugu wafanya kazi,

Wazee husema akiba haiozi. Ni kweli haiozi, lakini hukatwa kodi mwenyewe asipojua sheria. Hapa Shimanzi maneno ya pensheni yamekuwa mengi, na kila mtu ana hesabu yake. Basi na tuyaweke sawa.

Hesabu ya zamani ilikuwa hivi. Mstaafu aliye chini ya miaka 65 alisamehewa kodi kwa Shs. 25,000/- za kwanza kila mwezi. Aliyepata Shs. 40,000/- kwa mwezi, fungu lililotozwa kodi lilikuwa Shs. 15,000/-. Kwa malipo ya mkupuo, msamaha ulikuwa Shs. 60,000/- kwa kila mwaka wa kazi, wala haukupita Shs. 600,000/-. Kwa hiyo mtu wa miaka 15 kazini aliyelipwa Shs. 1,000,000/- alitozwa kodi juu ya Shs. 400,000/-.

Tangu tarehe 27 Desemba, 2024, sheria ni nyingine. Malipo ya mfuko ulioandikishwa hayana kodi kwa watu hawa:

1. Aliyefika umri wa kustaafu uliowekwa na kanuni za mfuko wake.
2. Aliyetoka mapema kwa sababu ya ugonjwa.
3. Aliyetimiza miaka 20 tangu kuandikishwa katika mfuko.

Asiye mmoja wa hao, akitoa fedha zake, kodi ingali inamngoja.

Hapo ndipo penye hatari. Mtu aliyekaa miaka 18 ndani ya mfuko akiachishwa kazi, huambiwa, "Chukua zako leo." Akisaini, hukatwa. Akiziacha miaka miwili, kodi haitazigusa. Twajua njaa haingoji, wala hatumlaumu mwenye watoto. Lakini na asaini akijua bei yake.

Nawe uliye kazini, tazama karatasi yako ya mshahara. Mchango wako wa pensheni hutolewa kwanza kabla ya kodi kuhesabiwa, mpaka Shs. 30,000/- kwa mwezi, mradi usipite 30 kwa 100 ya mshahara wa pensheni.

Itunzeni barua ya kuandikishwa. Tarehe yake ni mali. Na mzee aliyestaafu kwa umri wake, akiona bado anakatwa, amwulize karani wa mfuko. Asipopata jibu, aje ofisi ya chama na karatasi zake, twende pamoja.

Umoja ni nguvu.

Mhariri