Mkongwe wa Magazeti Karudi Kwao na Simu Mkononi: Kafulia? Acheni Hizo

Maneno ni mengi mjini. Mkongwe mmoja wa magazeti, yule ambaye kwa zaidi ya miaka 20 jina lake lilikuwa halikosekani ukurasa wa mbele, kaaga Dar, karudi kwao Lushoto na kufungua ukurasa wa habari za kwao mtandaoni. Jina linabaki kapuni, wanaomjua wameshamjua. Jana alikuwa anahoji mawaziri, leo anaposti kwamba gari la taka halijapita sokoni wiki nzima. Basi watu wanacheka. "Mzee baba kafulia." "Kutoka bungeni mpaka stendi ya mabasi!"

Cheka, lakini jibu swali moja kwanza. Wewe uliyezaliwa huko milimani na sasa unalipa kodi Sinza au Tabata, ni lini mara ya mwisho gazeti la Dar lilikuambia kitu cha kwenu ambacho si ajali, si maporomoko, si mauaji? Talaka ya msanii unaijua mpaka saa iliyotangazwa. Lakini kujua kama barabara ya kupanda kutoka Mombo inapitika baada ya mvua, mpaka umpigie binamu.

Wahariri nao wana sababu zao. Gazeti lina kurasa chache na nchi ni kubwa. Habari za mikoani zinabanwa kwenye kurasa za ndani, mwandishi wa huko mara nyingi analipwa kwa stori iliyotoka tu, na stori ya bomba la maji la kata moja ndiyo ya kwanza kukatwa tangazo likiingia. Mkongwe anajua mchezo huo kuliko wanaomcheka. Inawezekana hata yeye amewahi kushika mkasi.

Sasa tazama anachofanya huko. Anaandika bei ya kabeji shambani na bei ya kabeji hiyohiyo ikishafika Dar, mkulima anaona mwenyewe anapigwa wapi. Anaingia kwenye Baraza la Madiwani. Kikao cha kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, lakini nani ana nusu siku ya kukaa pale? Yeye anakaa, anaandika, na jioni watu wanasoma diwani wao aliuliza nini, au kama alinyamaza tu mpaka posho ikatoka.

Hapo ndipo ishu inapowagusa vijana. Sheria inataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kelele za hela kutorudishwa na vikundi hewa, ikarejeshwa 2024. Kitaifa, hiyo ni habari ya siku moja. Kwenye wilaya ni habari ya mwaka mzima. Kikundi gani kimepata? Kina watu kweli au majina tu? Bodaboda zilizonunuliwa ziko wapi? Hayo hayajibiwi na mtu aliyekaa Posta. Yanajibiwa na mtu anayejua kila uchochoro na anayejua nani ni mtoto wa nani.

Ila kujuana huko ndiko kunakoifanya kazi iwe ngumu kuliko ile ya Dar. Mjini ukimwandika mkubwa, mkubwa anampigia mhariri, na mhariri ana mwanasheria. Nyumbani mtendaji ni shemeji yako, mwenye lori la mchanga mmepakana shamba, na msibani wote mnakaa mkeka mmoja. Huko hawakutumii mwanasheria. Wanamwendea mama yako mzazi: "Mwambie mwanao atuachie."

Na hela? Mwaka 2018 leseni ya maudhui mtandaoni ilipoanza, kuanza tu kulihitaji zaidi ya shilingi milioni 2. Ada ilikuja kupunguzwa, lakini bando halijawahi kuwa bure. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi yuko tayari kutangaza, lakini huyohuyo huenda ndiye anayeuza saruji kwenye miradi unayoifuatilia. Ndiyo maana kurasa nyingi za namna hii huishia kuposti mheshimiwa akikabidhi madawati, au nani kafumaniwa na mke wa nani. Vyote viwili vina watazamaji, na hakuna hata kimoja kitakachokuambia zahanati imeishiwa dawa.

Kitakachomwokoa mkongwe ni tabia alizotoka nazo gazetini: kumpigia simu anayetuhumiwa kabla ya kuposti, na kusahihisha hadharani akikosea. Gazeti la jana lilifungiwa maandazi, kosa likasahaulika. Posti ya jana imeshapigwa skrinshoti na iko kwenye makundi matano ya WhatsApp. Siku atakapoacha tabia hizo ili awahi kutrendi, atabaki mtu mwenye simu kama wengine wote.

Halafu kuna wewe. Kundi la watu wa kwenu likitangaza mchango wa harusi, mtu anatuma bila kuulizwa mara mbili. Akitokea anayefuatilia hela za kwenu zinaenda wapi, anaambulia "Hongera mzee, kazi nzuri" na kopa mbili. Kopa hazilipi bodaboda ya kwenda kijiji cha mwisho.

Magazeti hayatafungua ofisi kila wilaya. Mkongwe akichoka akarudi Dar, gari la taka litaendelea kutopita, ila hakutakuwa na mtu wa kuandika. Kwa hiyo kabla ya kusema kafulia, taja jina la mtu anayekaa kwenye kikao cha madiwani cha kwenu kwa niaba yako. Ukikosa jina, aliyefulia anajulikana.